Rova inasumbua saa fulani tu: dalili, sababu na tiba za makosa ya GNSS yanayofuata saa

Malalamiko ya wapimaji wanaotumia RTK yanafanana. RTK ni upimaji wa GNSS, yaani setilaiti kama za GPS, ambapo kipokezi kilichosimama kwenye alama (besi) hutuma masahihisho papo hapo kwa kipokezi unachotembea nacho (rova). Asubuhi rova inashika fiksi (jibu la usahihi wa sentimita) kwa sekunde kumi, mchana inazunguka dakika tano bado iko floti (jibu ambalo halijatulia). Bikoni iliyopimwa jana saa tatu ikipimwa leo saa tisa inaonekana imesogea sentimita sita. Baada ya magharibi setilaiti zinapotea moja moja, na mbingu iko wazi kabisa. Kabla ya kukirudisha kipokezi dukani, fuata dalili zilizo hapa chini. Mara nyingi chombo ni kizima. Tatizo ni saa uliyokichagulia kazi, au jambo dogo tu linalotokea kuonekana saa hiyo.

Hali ya Afrika Mashariki ni ya peke yake. Ikweta ya sumaku ya dunia haipiti Nanyuki wala Kayabwe kama ikweta ya ramani, inapita juu ya Ethiopia. Jua linapowaka, elektroni za ionosfia, tabaka lililo juu sana angani, hupandishwa juu ya ikweta hiyo kisha humwagika pande zote mbili, kaskazini na kusini. Mkanda wa kusini huangukia juu ya Tanzania na maeneo ya jirani, kwa hiyo anga la Dodoma lina elektroni nyingi kuliko anga la Ulaya, ambako vipimo vingi vya kwenye vijitabu vya watengenezaji vilifanyikia. Usahihi wa "milimita 8 + 1 ppm" (ppm moja ni milimita 1 kwa kila kilomita kutoka besi) ni kweli, ila si kweli saa nane mchana mwezi Machi.

Jaribio la kwanza: kosa linahama, linabaki, au halijali saa?

Chagua alama moja yenye anga wazi, ipime asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu mfululizo, na uandike saa ya kila kipimo pamoja na PDOP (kipimo cha mpangilio wa setilaiti angani, ikiwa ndogo ni bora) na idadi ya setilaiti. Kisha soma mwenendo wake.

Kosa likirudi kila siku lakini mapema kwa dakika nne hivi kuliko jana, mshukiwa ni mpangilio wa setilaiti au mwangwi wa mawimbi yanayogonga ukuta na mabati. Setilaiti za GPS huzunguka dunia mara mbili katika saa 23 na dakika 56, kwa hiyo sura ya anga ya leo itajirudia kesho dakika nne kabla. Kwa wiki moja ni karibu nusu saa, na kwa mwezi ni saa mbili. Fanya jaribio hili kwa GPS peke yake: GLONASS ya Urusi hurudia mkao wake baada ya siku 8 hivi na Galileo ya Ulaya baada ya siku 10, na ukizichanganya zote mwenendo hauonekani.

Kosa likibaki kwenye saa ileile, linafuata jua au linafuata watu. Hapo angalia ionosfia, joto, betri, na msongamano wa mtandao wa simu.

Kosa likiwa lilelile asubuhi, mchana na usiku, acha kulaumu saa. Ruka hadi dalili ya mwisho.

Na kuna tahadhari ya saa yenyewe, kwa sababu imeharibu kazi nyingi. Programu za kupanga muda wa kazi huandika UTC, ambayo iko nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa tatu. Kipokezi kinahifadhi saa ya GPS, ambayo tangu Januari 2017 iko mbele ya UTC kwa sekunde 18. Halafu fundi anaambiwa "anza saa mbili", na yeye anajua saa mbili ni 08:00 huku karatasi ya mpango ikisema 02:00. Kwenye fomu za uwandani andika saa kwa mfumo wa saa 24 na useme ni saa ya wapi. Kumbuka pia kwamba jua halifuati saa ya serikali: Dar es Salaam adhuhuri ya kweli huwa karibu 12:23, Kigoma ni karibu 13:00. Kilele cha ionosfia na machweo vyote vinachelewa Kigoma kwa karibu dakika 40.

Dalili: mchana (12:00 hadi 17:00) rova inachelewa kufiksi au inarudi floti

*Sababu ya kwanza ni umeme wa redio ya besi.* Inachosha kuitaja lakini ndiyo inayoongoza. Redio ya wati 35 inayolishwa na betri ya gari huanza asubuhi ikiwa na nguvu, na ifikapo mchana betri imeshuka na umbali wa mawimbi umepungua. Pima volti redio ikiwa inarusha, si ikiwa imetulia. Chini ya volti 11.5, badilisha betri. Papo hapo tazama umri wa masahihisho kwenye kontrola (kifaa cha mkononi cha kuendeshea rova): sekunde 1 hadi 2 ni sawa, ukiruka ruka hadi 8 au 10, tatizo ni mawasiliano na anga halina kosa. Kwa wanaopokea masahihisho kwa intaneti ya simu, umri huo ndio unaopanda saa ambazo mnara wa simu umeelemewa, hasa jioni mjini. Jaribu laini ya kampuni nyingine kabla ya kugusa mpangilio wowote.

*Sababu ya pili ni ionosfia pamoja na umbali kutoka besi.* Hapa ndipo penye mzizi. Elektroni huchelewesha mawimbi, na wingi wa elektroni hizo hupimwa kwa TECU: kila TECU moja huongeza sentimita 16 kwenye masafa ya L1 (masafa makuu ya GPS; mengine ni L2 na L5). Kabla ya alfajiri zipo chache. Kilele huwa karibu saa nane mchana, na katika miaka ya jua kali, kwenye ukanda wetu, zinaweza kupita TECU 100, yaani zaidi ya mita 16 za ucheleweshaji hata kwa setilaiti iliyo utosini. RTK haijali ucheleweshaji wenyewe, inajali tofauti kati ya besi na rova. Zikiwa umbali wa kilomita moja, zote mbili zinaona anga moja na tofauti inafutika. Zikitengana, tofauti inakua, na mchana wa mkanda huu inaweza kufika 10 ppm au zaidi. Piga hesabu: 10 ppm kwa kilomita 10 ni sentimita 10. Wimbi la L1 lina urefu wa sentimita 19. Kosa likishafika nusu ya wimbi, rova haiwezi tena kujua ihesabu mizunguko mingapi, kwa hiyo inakaa floti, au vibaya zaidi, inachagua namba isiyo sahihi.

Tiba, kuanzia nyepesi:

- Hakikisha besi na rova zote zimewashiwa GPS, GLONASS, Galileo na BeiDou ya China. Mara nyingi rova inasoma nne na besi inatuma mbili tu, kwa sababu aina ya ujumbe wa masahihisho ni ya zamani. Chagua ujumbe wa aina ya MSM, muundo mpya unaobeba mifumo yote minne, ikiwa besi yako inao.
- Sogeza besi. Umbali wa kilomita 15 unaofanya kazi vizuri saa mbili asubuhi uufanye usizidi 5 mchana.
- Weka kikomo cha pembe (setilaiti zilizo chini zaidi ya hapo angani hazitumiki) kwenye digrii 10 hadi 15. Usikipandishe hadi 25 ili "kusafisha": utapoteza setilaiti za pembeni, na kimo ndicho kitakachoumia kwanza.
- Ikiwa umbali hauwezi kupunguzwa, acha RTK na ufanye statiki (kurekodi kipokezi kikiwa kimetulia, kisha kuchakata baadaye). Kanuni ya uwandani kwa kipokezi cha masafa mawili ni dakika 20 pamoja na dakika 2 kwa kila kilomita. Mchana izidishe mara mbili.

Wakati wa kuchakata, usikimbilie kuchanganya masafa mawili ili kufuta ionosfia kila mahali. Mchanganyiko huo huongeza kelele karibu mara tatu. Kwa umbali mfupi, tuseme chini ya kilomita 5, L1 peke yake mara nyingi hutoa jibu tulivu zaidi.

*Sababu ya tatu ni joto.* Kontrola iliyoachwa juu ya boneti hujipunguzia kasi au hujizima. Kivuli kinatosha.

Dalili: baada ya machweo setilaiti zinakatika moja moja, fiksi haikai

Kama hujawahi kuiona, utadhani antena imekufa. Tabaka la elektroni halitulii jua linapozama. Sehemu ya chini ya ionosfia hupungua haraka, ya juu bado nzito, na mapovu ya hewa nyepesi huanza kupanda kama povu la maji yanayochemka. Mawimbi yakipita kwenye kingo za mapovu hayo humetameta, sawasawa na nyota zinavyopepesa. Kipokezi kinapoteza hesabu ya mizunguko ya wimbi, kinaanza upya, kinapoteza tena.

Kwetu hali hii huanza takriban saa moja na nusu usiku na inaweza kuendelea hadi usiku wa manane, wakati mwingine kupita. Ni mbaya zaidi Machi na Aprili, kisha Septemba na Oktoba, na huwa kali katika miaka ya kilele cha mzunguko wa jua wa miaka 11. Juni na Julai kwa kawaida hupoa. Haitokei kila usiku: Jumatatu inaweza kuwa shwari na Jumanne isipimike.

Namna ya kuithibitisha:

1. Fungua ukurasa wa nguvu ya mawimbi kwenye kontrola. Katika anga wazi setilaiti iliyo juu huwa na 45 hadi 50 dB-Hz. Ikiwa namba inapanda na kushuka kwa 10 au zaidi ndani ya dakika moja, na hakuna mti wala mtu anayepita, huko ni kumetameta.
2. Linganisha masafa. L2 na L5 huumia zaidi ya L1 kwa sababu masafa yake ni ya chini. Ikiwa L1 inabaki na L2 inakatika, dalili imekamilika.
3. Tazama mchoro wa anga. Mapovu ni vipande vilivyonyooka kaskazini hadi kusini na huenda mashariki kwa kasi ya mita mia moja na ushee kwa sekunde. Setilaiti za upande mmoja zitaanza, kisha zitafuata nyingine. Zikipotea zote kwa mkupuo mmoja, hiyo si ionosfia: kagua kebo ya antena, kiunganishi chake, au mtambo wa karibu unaorusha mawimbi.

Usisahau kwamba povu linaweza kuwa juu ya besi na si juu yako. Besi ya kudumu iliyo kilomita 30 mashariki itapigwa dakika tano hivi baada yako, nawe utadhani tatizo limerudi.

Tiba ya mpangilio wa chombo haipo. Kuzima L2 hakusaidii, kuongeza muda wa kufiksi hakusaidii. Funga kazi, urudi kabla ya jua kuchomoza. Kuanzia saa kumi na moja na nusu alfajiri hadi saa nne asubuhi ndio muda mtulivu kuliko wote. Ikiwa umeacha kipokezi kikirekodi usiku kucha kwa ajili ya alama ya msingi, usitupe faili lote. Chakata kwa kuondoa kipande cha 19:00 hadi 24:00, kisha linganisha na jibu la faili zima.

Onyo. Kanda ya Ziwa Victoria ina radi nyingi, za alasiri na za usiku. Fimbo ya rova, iwe ya alumini au ya nyuzi za kaboni, hupitisha umeme, na wewe ndiye mrefu kuliko vyote uwanjani. Ukisikia ngurumo, laza fimbo na uingie ndani ya gari. Usijaribu "kumalizia pointi tatu". Hali kadhalika chini ya nyaya za umeme: usiinue fimbo, simama mbali na utumie njia nyingine ya kupima.

Dalili: fiksi ipo asubuhi na jioni, lakini majibu yanatofautiana

Tofauti ikiwa kwenye kimo peke yake na ni namba inayotambulika (sentimita 20, au sentimita chache zinazojirudia), anza na kimo cha antena. Fimbo iliyoshushwa kutoka mita 2.00 hadi 1.80 baada ya chakula cha mchana bila kubadilishwa kwenye kontrola ni kosa la kila wiki. Kwenye besi, angalia kama kimo kilipimwa kwa mshazari na kikaingizwa kama cha wima.

Tofauti ikiwa ya mlalo, kagua kiputo cha pima maji cha fimbo. Fimbo ya mita 2 ikilala digrii moja tu, ncha ya juu imehama milimita 35. Izungushe fimbo digrii 180 juu ya alama ileile. Ikiwa kiputo kinatoka katikati, kinahitaji kurekebishwa. Na tripodi ya besi iliyosimikwa kwenye udongo mkavu asubuhi inaweza kuzama au kusogea mvua ikinyesha alasiri. Rudi uikague, usiikisie.

Baada ya hapo ndipo uifikirie fiksi ya uongo: kontrola inasema sentimita 1, na ukweli ni desimita kadhaa. Usahihi unaoonyeshwa ni maoni ya rova kuhusu yenyewe, hauna shahidi. Shahidi unampata hivi: pima kwa dakika 2 hadi 3, ikatishe fiksi kwa kuanzisha upya, pima tena. Majibu mawili yakubaliane ndani ya sentimita 2 kwa mlalo na 3 hadi 4 kwa kimo. Kisha rudi baada ya dakika 45 au zaidi, setilaiti zikiwa zimehama, na upime mara ya tatu. Kwa bikoni za mipaka hatua hii isirukwe hata kama siku inaisha.

Mwangwi wa mawimbi unafuata. Mabati, ukuta wa vioo, lori lililoegeshwa. Mjini, asubuhi barabara iko tupu na mchana imejaa magari, kwa hiyo kosa linaonekana kama la saa. Tazama kama limehama kwa dakika nne. Kama limehama, ni jengo, na kama halina mpangilio, ni magari. Dakika 20 hadi 30 za kurekodi hulipunguza sana. Sekunde 5 za RTK haziligusi.

Sababu adimu, lakini kali milimani, ni unyevu wa hewa. Besi ikiwa Mombo na rova Lushoto, tofauti ya kimo ni karibu mita 1,000, na hewa yenye unyevu kati yake hubadilika kutoka ukungu wa asubuhi hadi jua la mchana. Kosa la milimita 1 katika tofauti ya hewa hiyo hugeuka kuwa karibu milimita 3 za kimo. Weka besi nyingine juu mlimani. Hakuna kibonyezo kinachofanya kazi hiyo kwa niaba yako.

Dalili: PDOP inapanda ghafla kwa dakika 15 hadi 40, kisha inarudi

Kwa vipokezi vipya vinavyosoma mifumo minne, hali hii ni nadra uwanjani na ya kawaida kwenye mabonde, mashamba ya migomba na vichochoro. PDOP chini ya 4 endelea, kati ya 4 na 6 tumia akili, juu ya 6 acha. Programu ya kupanga muda itakuonyesha mwanya huo mapema, mradi uiwekee vizuizi halisi vya eneo. Ratiba ya mwezi uliopita imeshapitwa na wakati kwa saa mbili.

Dalili: simu au GPS ya mkononi inatangatanga mchana

Vifaa vya masafa ya L1 pekee hutegemea kielelezo cha ionosfia kinachotumwa na GPS, na kielelezo hicho huondoa takriban nusu tu ya kosa. Mchana nusu inayobaki ni mita kadhaa. Kwa kuchora njia za kijiji haidhuru. Kwa mpaka wa kiwanja vifaa hivi havifai saa yoyote, hata alfajiri.

Dalili: siku nzima imeharibika, asubuhi ikiwemo

Angalia dhoruba ya jua. Kituo cha hali ya anga za juu cha NOAA nchini Marekani hutangaza Kp, kipimo cha msukosuko wa sumaku ya dunia, kutoka 0 hadi 9. Kp ya 5 na kuendelea ni dhoruba. Ile ya tarehe 10 na 11 Mei 2024 ilifika 9, na wakulima wa Marekani wanaoendesha trekta kwa RTK walisimamisha kupanda mbegu. Karibu na ikweta dhoruba ina tabia ya ukaidi: inaweza kuchochea kumetameta, na inaweza pia kuzima kumetameta kabisa usiku ule uliouogopa. Pima alama unayoijua kwanza, kisha amua.

Dalili: tofauti ipo, na haibadiliki saa yoyote

Ikiwa ni mita 300 hivi, umechanganya Arc 1960 (mfumo wa koordinati wa ramani za zamani za Afrika Mashariki) na WGS84 (mfumo wa GPS). Ikiwa ni mita moja hadi kadhaa, huenda besi ilianzishwa kwa kubonyeza "hapa nilipo" badala ya kuingiziwa koordinati za alama. Ikiwa ni sentimita kadhaa, koordinati za alama zinatoka kwenye marekebisho tofauti, au alama imesogezwa.

Ili kuikagua besi, rekodi angalau saa 6 na utume faili kwenye huduma ya bure ya kuchakata kwa intaneti, AUSPOS ya Australia au CSRS-PPP ya Kanada. AUSPOS hupokea hata saa moja, ila kwa anga letu saa moja ya mchana isikufanye ujiamini. Jibu litakuja katika mfumo wa kimataifa wa sasa, si katika ule wa ramani za mradi wako. Usilinganishe namba moja kwa moja.

Hapa ndipo pa kusimama. Alama mbili za msingi zisipokubaliana, usichague inayokupendeza wala usigawe kosa katikati. Peleka vipimo vyote kwa mamlaka ya upimaji au kwa mpimaji mwenye leseni. Bikoni inayoonekana imehama isiguswe wala isisimikwe upya na asiye na mamlaka, hata kama rova imeifiksi mara kumi. Vilevile usifungue kipokezi ambacho kinapoteza L2 saa zote, alfajiri ikiwemo, wakati kipokezi kingine kwenye antena hiyohiyo kinaisoma vizuri. Hicho kina hitilafu ya ndani, nacho ni cha fundi wa mtengenezaji.